Alishushwa Mlima Kenya kwa machela, sasa ajifunza kutembea upya

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado umelowesha mashamba ya chai ya Nyaramba, Kaunti ya Nyamira. Nyanchoka Masese anaingia kati ya mistari ya michai akiuburura mguu wa kushoto. Kila anapokanyaga, huutazama kwanza. Asipoutazama, hajui umetua wapi.

"Huu mguu ni kama wa kuazima," anasema, vidole vikichuma bila kusita. "Juzi nilikanyaga kaa la moto jikoni. Harufu ndiyo iliyoniambia."

Kikapu chake hakifiki nusu. Kikianza kuvuta mabega, kaka yake Walter, mwenye shamba hili, huja kukimwaga kwenye gunia. Nyanchoka hamshukuru wala hamtazami. Mgongo wake, miaka michache iliyopita, ulibeba mahema na mitungi ya gesi ya watalii kwenye Mlima Kenya.

Ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa hapa, katika familia ya Waadventista, na baba ambaye Jumamosi alikuwa mzee wa kanisa na Jumapili hakushikika. Mzee Masese alimpakia binti yake kwenye lori la ndizi hadi Kisii mjini, wakatazame Shabana, timu ya soka ya huko.

"Mama alisema ataniharibu. Kweli aliniharibu," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Mungu nilimpa Jumamosi yake. Jumapili ilikuwa ya Shabana."

Kibarua cha shambani ndicho kilichompeleka Naro Moru, chini ya mlima. Akaona watu wakipanda na mizigo, naye akaomba mzigo wake. Wapagazi wanaume walimuuliza kama amepotea njia ya sokoni. Baada ya misimu michache, walikuwa wakimfuata nyuma, kwani alishakuwa kiongozi wa msafara.

Hata huko juu hakuiacha timu yake. Karibu na kambi kulikuwa na jiwe moja lililonasa mtandao wa simu, naye alilipanda jioni kwenye baridi kali. "Wageni walidhani naenda kuomba. Nilikuwa natafuta matokeo."

Maumivu ya mgongo yalimwanza miaka minne iliyopita. Alimeza dawa za kutuliza, akaendelea kupanda. Usiku alitokwa na jasho hadi mfuko wa kulalia ukalowa, na suruali zikaanza kumdondoka. Mwenzake mmoja alimsihi aende hospitali. Nyanchoka alimjibu kwamba msimu ukiisha ataenda.

Msimu haukuisha. Siku moja, wakiwa njiani kushuka, aliketi afunge kamba za viatu.

"Nikaiamuru miguu isimame. Ikakataa. Nikaipiga ngumi, nikasikia kama napiga gunia."

Wapagazi wenzake walimfunga kwenye machela, wakapokezana kumteremsha kwenye mvua. Hospitalini, picha ya mgongo ilionyesha kuwa kifua kikuu kimeingia mgongoni na kula pingili mbili za uti wake. Alifanyiwa upasuaji, akaanzishiwa dawa za mwaka mzima.

Kitanda cha pili kililaliwa na Linda, mwalimu kijana kutoka Ogembo mwenye ugonjwa uleule. Waliwekeana dau la soda: atakayesimama kwanza anunuliwe. Kisha asubuhi moja wauguzi walivuta pazia kati ya vitanda hivyo viwili, na hawakulifungua hadi kitanda cha Linda kilipokuwa kitupu.

Nyanchoka anaacha kuchuma anapofika hapa. "Alikuwa mdogo kwangu. Alikuwa amefika hospitali mapema kuliko mimi. Sijui hesabu hiyo inafanywaje."

Walter alimrudisha Nyaramba akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kwa miezi mingi Nyanchoka alilala ameugeukia ukuta. Walter, akidhani amepata dawa, akambeba hadi uwanjani Kisii na kumketisha kwenye ngazi za zege kati ya mashabiki.

Dakika za mwisho, Shabana ikafunga bao. Uwanja mzima uliinuka. Mtu akamgonga Nyanchoka begani, akaporomoka kati ya ngazi, na miguu ya watu ikaanza kupita juu yake. Walter alisukumwa mbali, akiita jina la dada yake bila kusikika.

Aliyemwokoa ni mwuza vitambaa wa mjini, Zubair, ambaye hakuwa akimfahamu. Alipiga magoti juu yake, akashika zege kwa mikono miwili, akawa kama paa.

"Mama, usiinuke. Mimi sitoki hapa," alimwambia.

Zubair alivunjika kidole. Nyanchoka alipasuka mdomo, lakini anasema si damu iliyomliza. "Bao nililolingoja mwaka mzima lilifungwa nikalisikia tu. Nililala chini nikitazama viatu. Nikasema, hapana, sitakufa nikitazama viatu vya watu."

Kesho yake alimwomba Walter ampeleke kwenye mistari ya chai. Alishika michai kulia na kushoto, akajiinua, akaanguka. Hivyo ndivyo alivyojifunza, akichubuka magoti, kisha akitembea kwa magongo, hadi akayaacha mwaka jana. Daktari amemwambia hali hii huenda ndiyo mwisho wa nafuu yake, na amemkataza mizigo. Kuhusu mlima, daktari alitikisa kichwa tu.

Hata hivyo, Nyanchoka ameshawapigia wenzake wa Naro Moru. Mwezi Februari, mlima ukikauka, wamekubali kupanda naye polepole hadi kambi ya kwanza.

"Mimi sijakubali," Walter anasema kutoka mstari wa pili.

"Hukuulizwa," dada yake anamjibu. Kisha anashusha sauti. "Kilele sikitaki tena. Nataka kulala usiku mmoja mahali ambapo maji huganda kwenye chupa, niamke, nitoke nje ya hema kwa miguu yangu. Nikishindwa, nitakuwa nimeshindwa nikiwa kazini kwangu."