Gauni la Kubebea Matoleo

Mungu asifiwe, aliyenipa mwili mnene na cherehani ya kuuvika.

Mitumba ilipojaa sokoni Sumbawanga, wateja walinikimbia, akabaki Mama Kalista, mnene mwenzangu. Nilimpima akiwa amesimama wima.

“Bibi, Jumapili nabeba kikapu cha matoleo kichwani, nacheza, napiga magoti. Niachie nafasi kwapani na mapajani.”

“Unanifundisha kushona?” nilifoka. Nikashona magauni mawili, lake na langu, yakatubana barabara.

Jumapili akaja kanisani amevaa gauni la mtumba! Kwa hasira, nami nimevaa langu, nikamnyang’anya kikapu nimwoneshe linavyofaa. Nilipokiinua, kwapa zikafumuka. Nilipopiga magoti mbele ya padri, mgongo ukafuata.

Mama Kalista akanifunika kitenge, akaninong’oneza, “Sasa Bibi, utanipima nikicheza?”

Msomaji wangu, Mungu akusitiri, usimame au upige magoti.