Siku Bibi Vero Alipokuja Kuonja Bia

Kama unatafuta hadithi ya kutungwa, hii ipishe. Haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa Mikumi, saa nane mchana, jua linawaka. Na usiniambie nilikuwa nimelewa. Ni kweli bia naipika mimi, lakini mpaka saa hiyo sikuwa nimegusa hata tone.

Nafanya kazi kwenye hoteli ndogo kando ya barabara ya Iringa. Bosi wangu alitaka bia ya msimu, ya ulezi mpya, chungu hasa, kama wanavyoipenda watalii. Uchungu huo hutoka kwenye hopsi, maua yanayoagizwa ng'ambo. Mwaka jana hopsi zikachelewa. Nikamwambia bosi asihangaike, nikatia magome ya mti fulani wa kijijini kwetu Tindiga. Wageni wakaishangilia. Bosi akaniuliza nimeyajulia wapi, nami nikamjibu bila haya kwamba nimebuni mwenyewe.

Uongo mtupu. Magome yale alinifundisha Bibi Vero, mpika pombe wa Tindiga, aliyenilea nilipofiwa na mama. Kuyachuna, kuyakausha, yachemke kwa muda gani, yote kanionyesha yeye. Nikaona nikimtaja tu, bosi atamfuata yeye na mimi nitarudi kufua mashuka. Nikaacha hata kwenda kumsalimia. Roho mbaya, niite unavyotaka.

Msimu huu picha yangu ikabandikwa kwenye chupa. Siku ya kuonja bia mpya, wageni wamekaa barazani, nikamwona Bibi Vero anapanda ngazi na kitenge chake cha kijani. Amekuja kuniumbua! Nikamkimbilia kabla hajafika kwa bosi.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Unajua kwetu ni jambo gani hilo, mzee kukunyima marahaba? Nikarudia. Akazidi kupanda ngazi. Nikajua amenikasirikia, nikamvutia kiti, nikamimina glasi nikaiweka mbele yake.

"Aliyepika aonje kwanza," akasema.

Ndiyo desturi ya Tindiga, mpishi hunywa mbele ya watu ili waone hakuna sumu. Nikapiga funda moja, nikaijaza tena glasi, nikamrudishia.

"Nani kakufundisha, mwanangu?"

Sauti ya upole kabisa. Ningalimjibu kwa kumkumbatia, uongo ungaliishia hapo. Lakini bosi alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Nimejifundisha mwenyewe."

Hapo hapo uchungu ukanishika ulimi, ukashuka kooni kama nimelamba nyongo. Nikafumba macho, nikatema kwenye kanga. Nilipofumbua, kiti kilikuwa kitupu.

"Unaongea na nani?" bosi akaniuliza.

Nikaenda nyuma ya jiko, nikapiga simu Tindiga. Akapokea binti yake, Dada Monika.

"Mama tumemzika Ijumaa," akasema. "Kakuulizia mpaka siku ya mwisho. Tumekupigia wee, hupokei."

Kweli walipiga. Niliiona namba nikaiacha iite, nikidhani wanataka nimtaje. Na ile glasi? Amini usiamini, mpaka saa kumi na mbili jioni povu lilikuwa bado limesimama, halijashuka hata kidogo. Mhudumu akaimwaga, akasema bia imeharibika.

Tangu siku hiyo ulimi wangu haujui ladha nyingine. Chai ya sukari, embe, wali wa nazi, vyote vichungu. Hospitali wamenipima, hawaoni ugonjwa. Mboga za nyumbani mwanangu ndiye anayeonja chumvi. Bosi nilimweleza ukweli wote, akacheka, akasema chupa zimeshachapwa.

Nikaenda Tindiga. Nikapiga magoti kaburini, nikasema mbele ya majirani nani alinifundisha kazi, nikalia mpaka nikaishiwa nguvu. Dada Monika akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa hivi unamwambia nani?"

Wewe unayesoma, kama yupo aliyekupa kazi inayokulisha, nenda kamtaje mbele za watu, na yeye awepo, asikie. Usingoje akufuate. Mimi alinifuata, akanipa nafasi ya mwisho kwa sauti ya upole, nami nikamkana mbele ya macho yake.