Kipande cha Aliyekosa Sare

Nakumbuka siku moja ya mvua kule Kalenga, nikiwa bibi harusi mpya, wa kuogopa hata kukohoa mbele ya mama mkwe. Mama huyo alikuwa mshonaji wa mablanketi ya vipande. Unayajua, mwanangu? Unachukua mabaki ya vitenge, unayakata miraba, unayaunga mpaka yanakuwa shuka moja kubwa, ndani unatia blanketi kuukuu na chini unashonea kitambaa kizito. Kwa baridi ya huku kwetu, ukijifunika hilo jogoo atawika mpaka achoke. Leo kazi hiyo naifanya mimi, hapa Mlandege, ingawa siku hizi sindano naitunga uzi kwa kubahatisha.

Mama mkwe alikuwa na utaratibu wake. Mtoto wa ukoo akipata jambo, iwe ubatizo, kipaimara au kumaliza shule, alishonewa blanketi kwa vitenge vilivyovaliwa siku yake. Unatujua sisi na sare. Upande wa mama wana kitenge chao, upande wa baba wana chao, na marafiki nao watatafuta rangi ya kuwafunika wote. Sherehe ikiisha, alipita kwa kila mwanamke kuomba pindo au mabaki yaliyorudi kutoka kwa fundi. Mtoto akilala alikuwa amefunikwa na watu wote waliomfurahia, na wengine aliweza kuwataja kwa rangi tu.

Mwaka ule aliyepata kipaimara alikuwa binti wa shemeji yangu mkubwa, na kazi ya kukusanya vipande nikapewa mimi. Nikajiona nimepanda cheo. Nilizunguka nyumba kwa nyumba na kikapu, nikisalimia "kamwene" huku, "kamwene" kule, nikikaribishwa kikombe cha togwa kila mahali mpaka tumbo likawa ngoma. Nikarudi na kikapu kimejaa, nikavipanga vipande mbele ya mama mkwe kwa rangi zake, nikangoja kusifiwa.

Akavipitia kimoja kimoja. Kisha akauliza, "Cha Melania kiko wapi?"

Melania alikuwa wifi yangu. Ndoa ilimshinda akarudi kwao, na hakuwa na uwezo wa kununua sare. Siku ya sherehe alishinda jikoni nyuma ya nyumba na kitenge chake cha kila siku, akipuliza moto na kugeuza wali. Kwenye picha hayumo hata moja. Mimi nikajibu nilivyoona ni haki: "Mama, wifi hakuwa na sare."

"Wali ulikula?"

"Nilikula, mama."

"Nani alipika?"

Hakunipandishia sauti, hakuwa mtu wa kelele. Alinisogezea kikapu kwa mguu akasema, "Mkamwana, binti huyu akija kuniuliza shangazi yake yuko wapi humu ndani, utamjibu wewe? Haya, nenda."

Nikaenda na mvua ile ile. Nilimkuta Melania kibarazani anasugua masufuria ya kuazima ya sherehe, yangali na ukoko. Nilipomwomba kipande alidhani namtania. Akakitazama kitenge alichojifunga, kimefifia, kina harufu ya moshi.

"Hiki? Wifi, hiki mtamfunika nacho mtoto?"

"Mama ndiye kasema."

Akafuta mikono, akachukua kisu cha jikoni, akakata pembe ya kitenge chake taratibu. Alikuwa analia, na mimi sikujua niangalie wapi, nikaangalia masufuria. Mama mkwe alikishona kipande kile katikati kabisa, pale panapofika kifuani mtu akilala. Hakukifua kwanza. Tangu siku hiyo, kila nikishona blanketi navitandaza vipande kitandani na kujiuliza nani hayumo.

Nimezaa, nimesomesha, nimepigiwa vigelegele. Wanangu wote wamefaulu, sitaki kujifanya sina cha kujivunia, na kila mmoja ana blanketi lake. Ila kufaulu kwa watoto kuna mambo yake. Binti yangu yuko Mbalizi, kaka yake yuko Dodoma, na mdogo wao anahama kila kazi inapomhamisha, nami naambiwa ameshafika ndipo najua aliondoka. Baba yao tulimzika kule Kalenga. Zamani nyumba hii watu waligombania viti, leo mimi ndiye ninayehama kiti hadi kiti ili visijione vimetupwa. Nina upweke, mwanangu. Nalisema wazi kwa sababu wazee wengi wakiulizwa hali husema nzuri, na vijana huondoka wameridhika.

Mwaka huu mjukuu wangu Upendo, mtoto wa huyu binti wa Mbalizi, amehitimu uuguzi Mbeya. Mama yake akanipigia simu wiki ya mahafali.

"Mama, safari ni ndefu, na huo mgongo wako. Wewe pumzika tu, tutakurushia picha."

Nikasema sawa. Gauni nilikuwa nimeshalipiga pasi, nikalirudisha kabatini. Picha zilikuja kweli, nikaziangalia mpaka simu ikazima. Sare ilikuwa ya zambarau, imewakaa vizuri, hata mpangaji wao kavaa. Upendo katikati yao anacheka meno yote nje, na mimi huku sebuleni nikapiga kigelegele peke yangu. Kilisikika vibaya, sikukirudia.

Nikawaomba vipande, wakanitumia mfuko mzima kwa basi, kila kipande na jina la mwenyewe. Nikavitandaza kitandani kama nilivyofundishwa. Cha mama yake kipo. Cha mama mdogo, cha mama mkubwa wa upande wa baba yake, cha marafiki wa chuo, vyote vipo. Nikajiuliza, nani hayumo? Nikakaa chini, maana asiyekuwemo nilikuwa mimi.

Nililia, sitakuficha. Halafu nikachukua mkasi, nikakata pembe ya kitenge nilichojifunga, hiki hiki cha kusongea ugali, nikakishona kipande hicho katikati bila kukifua. Blanketi likapanda basi la Mbeya.

Upendo alipiga siku alipolipokea. "Bibi, zuri mno. Ila hiki cha katikati kilichofifia, cha nani?"

"Kinuse."

Akakinusa. "Kinanukia jikoni kwako." Kisha sauti ikabadilika. "Bibi, kwani wewe hukuletewa sare?"

"Sikuletewa, mama."

Nikamsikia analia upande wa pili. Aliniambia aliambiwa mimi mwenyewe ndiye niliyekataa kusafiri. Akasema atakuja Jumamosi, zamu zikimruhusu. Zamu hazijamruhusu bado. Simlaumu, wagonjwa hawajui Jumamosi. Mimi kila Jumamosi nachemsha chai ya watu wawili, na inayobaki naipasha jioni.

Sasa sikia, mwanangu, wewe ambaye wiki hii uko kwa fundi unashonesha sare. Furahia siku ya mwanao, vaa upendeze, wala usione aibu kumpigia vigelegele. Lakini kabla fundi hajamaliza, kaa utaje ndugu zako, ukianzia na wale walio jikoni na wale walio mbali. Ukimpata asiye na sare, mpelekee. Ukishindwa, mwendee hivyo hivyo na nguo yake ya kila siku, umkalishe mbele. Na usimwamulie mzee kwamba amechoka kusafiri; muulize, halafu subiri jibu lake. Mgongo ni wake. Kipande chake kifuate leo, akiwa bado ana nguvu ya kukikata kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nimekikata changu na kukishona mwenyewe, na nakuambia, kazi hiyo ni ya mtu mwingine kukufanyia.

Mungu akujalie watoto wenye mambo ya kushangilia, na nyumba isiyokosa mtu wa kuitikia hodi. Akujalie na usingizi mzito chini ya blanketi ambalo ndani yake hakuna wako aliyesahauliwa. Na siku ukipita Mlandege, hata kama si Jumamosi, ingia. Kikombe cha pili kiko mezani.