Picha Ambazo Pasi Haikuziunguza

Walimwita Sindano, kwanza kwa sababu ya kazi yake, pili kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka arobaini na saba. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na mashine mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na pasi nzito isiyopoa tangu asubuhi mpaka jioni. Futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata akienda kusali.

Fundi cherehani huona mambo ambayo daktari hafichuliwi. Kwa daktari mtu huenda akiwa ameshaamua kusema. Kwa fundi huja kupimwa gauni tu, akainua mikono, na mwili ukasema wenyewe.

Ndivyo ulivyosema mwili wa mdogo wake. Huyo walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Aliolewa na mwenye bucha wa pale kwenye kona, mtu wa kifua kipana na kicheko kikubwa mbele za watu, aliyejipa mwenyewe jina la Shoka. Siku moja Kitinda alikuja kushonewa gauni. Sindano akazungusha futi kwenye mkono wake wa kushoto, akapata inchi kumi na tatu na nusu. Akafungua daftari. Mkono ule ule, mwaka uliopita, ulikuwa inchi kumi na moja.

"Umenenepa mkono mmoja tu, mdogo wangu?"

Kitinda akacheka huku machozi yanamtoka. "Dada, nipime tu. Usiniulize."

"Mficha uchi hazai."

"Na mimi sitaki kumzalia yule."

Sindano alikuwa na desturi yake ya kazi. Kila ukurasa wa vipimo aliupiga picha kwa simu, daftari lisije likalowa au likaliwa na panya. Tangu siku ile akawa anampima mdogo wake na kumpiga picha: futi imelazwa juu ya jeraha, namba zinasomeka. Vidole vitano vya mtu shingoni. Alama ya chuma cha mkanda mgongoni, inchi mbili na robo. Meno begani. Kidole gumba kisicho na ukucha. Katika miezi minane zikafika picha thelathini na moja. Kila alipomwambia waende polisi, Kitinda alisema, "Bado dada. Ataniua."

Sasa sikilizeni kosa lake, kwa maana wengi wetu tungelifanya. Miezi hiyo ilipokuwa inaisha, mama yao alifariki, na picha zake zote zilikuwa kwenye simu ya Sindano. Kitinda akazililia. Sindano akaichukua simu ya mdogo wake, akaingiza humo akaunti yake mwenyewe na neno lake la siri, ambalo lilikuwa jina la mama. Baada ya dakika chache picha za mama zikatokea kule pia, dada wawili wakakumbatiana. Picha zilikwendaje, hakujiuliza. Alimshukuru Mungu akarudi kwenye mashine. Kwake simu ilikuwa kama kabati: changu kiko kwangu, chako kiko kwako.

Na Shoka alikuwa na desturi yake. Kila siku aliipekua simu ya mkewe kama anavyokagua mzani.

Jumatano asubuhi mlango wa chumba cha kushonea uliingia ndani na bawaba zake. Shoka alikuwa na aproni ya kazi. Sindano aliiona ile damu na moyo ukamwambia kwamba yote haikuwa ya ng'ombe.

"Shemeji," alisema Shoka taratibu, "kumbe siku hizi umekuwa mpiga picha."

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Nimekuuliza swali."

"Na mimi nimekuuliza. Yuko wapi?"

Shoka alimpiga kofi lililompeleka mpaka kwenye kioo, na ule ufa wa zamani ukazaa nyufa ishirini. Akaipindua mashine ya kwanza kwa teke, kisha ya pili. Akalichana daftari la vipimo ukurasa kwa ukurasa, huku akisoma kwa sauti ya kudhihaki: "Mkono, kumi na tatu na nusu! Wewe unapima nyama? Kupima nyama ni kazi yangu!" Sindano akajitupa kwenye meza kuiwahi simu. Shoka alikuwa ameishika pasi. Akaiweka juu ya simu, na mkono wa Sindano ulikuwa juu ya simu hiyo.

Mungu atusamehe, sitaeleza harufu yake. Alipouondoa mkono, ngozi ya mgongo wa kiganja ilibaki kwenye chuma. Shoka akaendelea kuitwanga ile simu kwa pasi, mara nne, mara tano, mpaka kioo kikawa unga na mgongo wake ukakunjika.

"Haya," alisema akihema. "Kule nimefuta, huku nimevunja. Nenda kashtaki kwa futi yako."

Sindano aliikusanya simu iliyopondeka akaitia mfukoni. Hakujua kwa nini. Pengine kwa sababu fundi hatupi kipande. Kisha akakimbia mpaka nyumbani kwa mdogo wake, mkono umefungwa kwa kitambaa cha bitana.

Alimkuta jikoni, amelala kwa ubavu, taya limehamia upande. Chini palikuwa na meno mawili. Alikuwa anapumua kwa sauti ya mtu anayekoroga maji. Sindano aliita majirani, wakambeba.

Siku ya pili, saa saba mchana, Kitinda alikuwa kitandani hospitali, taya limefungwa kwa waya, hawezi kusema neno. Jicho moja halikufunguka. Afande wa polisi aliyeitwa na hospitali, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alisimama penye mlango wa wodi na karatasi zake.

"Mama, mimi nina macho," alimwambia Sindano. "Lakini mume anasema ameanguka kwenye ngazi. Na wewe anasema umejiunguza mwenyewe kwa pasi, mna ugomvi wenu. Mgonjwa nimemuuliza, anatazama ukutani. Saa kumi daktari anamruhusu, na mume amekuja kumchukua. Nionyeshe kitu. Chochote ninachoweza kukiona."

"Zilikuwepo picha, afande. Amezifuta."

"Basi niombee nipate kingine."

Saa kumi. Sindano alijua kwamba mdogo wake akipanda ngazi zile jioni hiyo, hatashuka tena kwa miguu yake.

Nje ya wodi, kwenye benchi, Shoka alikuwa amekaa na simu ya mkewe mkononi. Kidole gumba kilikuwa kinabonyeza, kinapumzika, kinabonyeza. Alipomwona Sindano akatabasamu.

"Nasafisha nyumba, shemeji. Mke wangu akirudi akute safi."

Ni tabasamu lile lililomzindua. Kama alishafuta jana, leo anafuta nini?

Mkabala na geti la hospitali palikuwa na kibanda cha fundi simu, mwanamke mnene mcheshi ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Chaja. Sindano aliingia bila hodi, akamwaga simu yake iliyopondeka juu ya meza.

"Yesu na Maria, hii simu iligongwa na treni?"

"Na shemeji yangu. Picha zilizokuwemo, zimekufa?"

Bi Chaja aliutazama mkono uliofungwa, akaacha mzaha. "Picha zako zilikuwa zinaonekana kwenye simu nyingine?"

"Ya mdogo wangu. Za mama. Na kumbe na hizi."

"Basi hazikai kwenye simu, mama. Zinakaa kwenye wingu. Usitazame juu, si hilo la mvua. Ni makompyuta makubwa ya kampuni, yako kwenye majumba yao huko mbali, yanawaka mchana na usiku. Ukipiga picha kwa simu yako, inaipeleka kule kwa intaneti. Wewe vitambaa vya wateja vikizidi chumba unafanyaje?"

"Naweka ghalani kwa jirani."

"Ndiyo hiyo. Ghala la jirani. Simu ni mlango, akaunti ni jina lako ghalani, neno la siri ni ufunguo. Mlango ukivunjwa, mzigo uko. Lakini mdogo wako ulimpa ufunguo, na mwenye simu yake ndiye mwenye ufunguo. Akitoa kitu kule, na kwako kimetoka."

Sindano alikaa chini. Kwa hiyo ni yeye. Ni mkono wake huu uliofungua mlango, na picha zake zikamfikia yule mtu, na taya la Kitinda likavunjika. Aliliona jambo hilo lote kwa mara moja, kama mtu anayeona kitambaa cha thamani alichokikata vibaya.

"Utalia baadaye," alisema Bi Chaja, naye tayari alikuwa ameiwasha kompyuta yake. "Kilichofutwa hakitoki siku ile ile. Kinaingia kwenye pipa la taka kwanza, kinakaa siku thelathini. Tuwahi. Neno la siri?"

"Jina la mama."

"Inataka namba, inatuma ujumbe kwenye laini yako kuhakikisha ni wewe. Laini iko humu kwenye huu mkate uliokanyagwa. Nitaitoaje?"

Sindano alichomoa pini kifuani mwa blauzi yake, pale mafundi wanapochomeka pini. Bi Chaja akachokoa, akabinua bati, laini ikaruka. Imepinda kidogo. Wakaitia kwenye simu nyingine, wakasubiri. Ujumbe ukaingia.

Pipa likafunguka. Sindano aliona mgongo wa mdogo wake, shingo ya mdogo wake, futi yake ya njano. Ishirini na sita.

"Zilikuwa thelathini na moja."

Bi Chaja akafungua upya ukurasa. Ishirini na tano. Akafungua tena. Ishirini na nne.

"Kuna mtu anazimaliza hata humu pipani," alinong'ona. "Moja moja. Hajui kwamba kuna kubonyeza kote kwa pamoja."

"Amezoea kukata kipande kipande," alisema Sindano.

Ishirini na tatu. Ile ya chuma cha mkanda ikaondoka mbele ya macho yao, haipo.

"Badilisha ufunguo! Nipe neno jipya, haraka, ambalo hakuna atakayelibahatisha."

Ishirini na moja. Sindano alifumba macho, akaona gauni la mwisho alilomshonea mama, lile walilomzikia. Kifua, kiuno, nyonga, urefu. Akazitaja namba hizo nne bila kukosea, mbele na nyuma akaweka herufi. Ishirini. Bi Chaja akaliandika, kisha akabonyeza pale panapotoa nje simu nyingine zote. Wakangoja. Kumi na tisa.

Akafungua tena. Kumi na tisa. Na tena. Kumi na tisa.

"Tumemfungia nje," alisema Bi Chaja, jasho likimtiririka. Akazirudisha zote kutoka kwenye pipa, kila moja na tarehe yake. "Nenda kamwite afande wako."

Hawakuhitaji kumwita. Ng'ambo ya barabara Shoka alikuwa ametoka getini kama fahali aliyekatwa kamba, simu mkononi, akiangalia huku na huku, mpaka macho yake yakaona ile futi ya njano ndani ya kibanda. Alivuka bila kutazama magari, akaziona picha kwenye kompyuta. Meza ya Bi Chaja ilipinduka, vifaa vikamwagika barabarani. Ikawa patashika, nguo kuchanika. Alimkaba Sindano kwa futi yake mwenyewe, akaizungusha mara mbili shingoni, akavuta. Bi Chaja aliikumbatia kompyuta kifuani kama mtoto, akalala juu yake huku akipigwa mateke ya mbavu na ya uso, akipiga mayowe ambayo hospitali nzima iliyasikia.

"Umezitoa wapi?" Shoka alikuwa anauliza, mate yakimruka. "Nilizifuta! Za shingo nilizifuta, za mgongo nilizifuta, mkono wake, meno, zote nilizifuta mimi mwenyewe! Umezitoa wapi?"

Sindano alikuwa anaona giza, lakini masikio yalikuwa yanafanya kazi. Na nyuma ya Shoka aliisikia ile sauti ya chini.

"Endelea, bwana. Na ile ya ngazi uliifuta?"

Ilichukua walinzi watatu wa geti na afande kumlaza chini. Mmoja wao alivunjika pua. Wakati anafungwa pingu bado alikuwa anarusha miguu, na shati lake lilikuwa limefagia lami yote.

Saa kumi kamili daktari alikuja na karatasi ya ruhusa. Bi Chaja alikuwa ameshonwa nyuzi sita kwenye nyusi na amekataa kulazwa. Aliishika kompyuta mbele ya kitanda, na afande akazitazama picha kumi na tisa moja baada ya nyingine, akiandika tarehe, akiandika inchi. Alipomaliza akamwinamia mgonjwa.

"Mwanangu," alimwambia Kitinda, ingawa hawakupishana sana miaka, "aliyefanya haya ni nani?"

Kitinda aliligeuza jicho lake moja kwa dada yake. Sindano akapiga magoti pembeni ya kitanda.

"Ni mimi niliyempa njia ya kuziona," alisema, sauti imekwaruzika kwa kukabwa. "Sikujua, mdogo wangu. Wallahi sikujua. Nisamehe."

Kitinda alinyoosha mkono, akaivuta ile futi kutoka kwenye shingo ya dada yake, pale ilipokuwa imeacha mstari mwekundu. Akailaza mwenyewe juu ya taya lake lililovimba, kutoka sikioni mpaka kidevuni, akaishika kwa vidole viwili namba zisomeke. Kisha akamtazama afande, akanyoosha kidole kuelekea dirishani, kule chini walikokuwa wanampakia Shoka garini.

"Inchi saba na robo," alisoma Sindano.

Bi Chaja akatoa simu yake, akapiga picha.