Nimekataa Kuitika Dukani

Leo kijana nisiyemjua ameniita "Yunuke!" mbele ya watu, katika duka la miwani mjini Kisii.

Nina wajukuu, jamani.

Nilinyamaza. Heri nirudi nyumbani Nyaramba bila miwani.

"Yunuke!"

Mtoto mmoja wa kike akakimbilia kaunta. Mama yake akamwita, "Mama, rudi. Si wewe."

Kijana akashangaa. "Unamwita mtoto mama?"

"Ana jina la marehemu mama yangu. Nitalitajaje hivi hivi tu?"

 Kijana akanitazama, mimi mzee pekee niliyebaki pale. Akatoka nyuma ya kaunta, akaja hadi nilipoketi, akainama kidogo.

"Mama, miwani yako iko tayari."

Niliitika kabla hajamaliza. "Asante, mwanangu."

Ninyi mngeitika mara ya kwanza?