Siku Thelathini Mezani kwa Meja

Mume wangu ni mtu wa kunyoosha mambo. Taulo ikitundikwa upande mmoja ukazidi mwingine, hapiti bila kuirekebisha. Viatu vya wanetu wawili huvipanga mlangoni vikitazama ukuta, na kopo la chumvi akilirudisha kabatini huligeuza ili maandishi yaonekane. Majirani walimpa jina la Rula, naye akalipokea kama amepandishwa cheo. Miaka kumi na tisa jeshini, sajenti, mtunza ghala, na hata siku moja hakuwahi kuchelewa gwaride wala kumjibu mkubwa wake. Nilikuwa najivunia mwanamume huyo. Leo natamani ningemfundisha utovu wa adabu, hata kidogo tu.

Mimi nina duka la fotokopi nje ya geti la kambi. Mashine mbili, moja nzima na moja ya kubembelezwa. Wanajeshi wa kambi ile karibu wote wamepita kwangu na fomu zao za likizo, vyeti vya ndoa na barua za kuomba uhamisho. Kazi hiyo imenifundisha jambo ambalo wateja nawaambia bure: karatasi usiiache mezani kwa mtu kabla hajakugongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Bila muhuri, hiyo si barua, ni hadithi. Nimewaambia mamia ya watu wakanisikiliza. Anayelala kitanda kimoja nami ndiye ambaye hakusikia.

Balaa lilianza siku alipokabidhiwa ghala. Aliyekuwa akilishika kabla yake ni kapteni mmoja aliyekuwa amepata umeja. Sasa, kambini kwao kuna desturi isiyoandikwa kwenye kitabu chochote: mkubwa akikukabidhi ghala, hutakiwi kuhesabu mbele yake. Kuhesabu ni kumwambia usoni kwamba ni mwizi. Unasaini kwanza, anaondoka, ndipo unahesabu. Rula akasaini. Jioni akahesabu, na kwenye rafu ya darubini akakuta mikoba ishirini, sita kati ya hiyo imejazwa matambara.

Akamfuata meja. Meja akacheka, akampigapiga begani, akamwambia, "Ziko mafunzoni hizo, sajenti. Zitarudi." Miaka mitatu ikapita, haikurudi hata moja. Wakaja wakaguzi, wakafungua mikoba, wakamfunga mume wangu. Mahakama ya kijeshi ikatazama saini yake kwenye daftari la makabidhiano, ikaona inatosha: wizi, miaka minne jela na kufukuzwa jeshini. Meja, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa kikosi, alikuja mwenyewe kutoa ushahidi kwamba alikabidhi darubini ishirini kamili.

"Kwani nani alimkataza kuhesabu?" aliuliza, kwa sauti ya upole kabisa. Nilitamani kuvua kiatu nimrushie.

Afisa aliyepangiwa kumtetea alikuwa luteni mmoja kijana, msomi wa sheria, mwembamba mpaka mkanda wake umeongezwa matundu. Baada ya hukumu alinifuata dukani akaniambia nisilie. "Shemeji, rufaa hii tunashinda. Daftari la ukaguzi la mwaka mmoja kabla ya makabidhiano linaonyesha darubini kumi na nne. Mahakama ilikataa kulipokea, na haikuwa na haki ya kulikataa." Kisha akainua kidole. "Lakini notisi ya rufaa ifike masjala ya mahakama ndani ya siku thelathini. Ikichelewa, hawaisomi."

Siku thelathini! Mimi ndani ya siku thelathini nachapa vitabu vya harusi tatu na msiba mmoja. Notisi niliichapa siku iyo hiyo, ukurasa mmoja, nikatoa nakala tatu. Mashine nzima ilikuwa imeishiwa wino, nikatumia ile mbovu, ambayo huacha mstari mweusi ukingoni mwa kila karatasi. Nikampelekea mahabusu ya kambi asaini. Akasaini zote tatu, kwa mwandiko wake ule wa kunyooka.

"Haya, nipe," nikamwambia. "Nazipeleka masjala mwenyewe, leo leo."

"Hapana, mama watoto. Utaratibu ni kupitia kwa mkuu wa kikosi."

"Mkuu wa kikosi si ndiye meja huyo huyo?"

"Ndiye."

"Baba watoto, unaumwa? Kesi ya nyani unampelekea ngedere?"

"Mwanajeshi hamruki mkubwa wake. Nikimruka watasema sina nidhamu, na rufaa itaharibika."

Luteni alimweleza kwamba sheria inaruhusu njia zote mbili, ya mkuu wa kikosi na ya masjala moja kwa moja. Alimweleza mara mbili, mara ya pili akiwa na kitabu mkononi. Ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Siku ya sita meja alipita kukagua mahabusu, na mume wangu akamkabidhi karatasi zote tatu mkononi. Zote tatu!

"Alikugongea muhuri hata kwenye moja?" nilimuuliza.

Alinitazama kama nimetukana. "Nimdai mkubwa risiti?"

Hasira niliyokuwa nayo siku hiyo sijui niieleze vipi. Nilikuwa namchukia meja, ndiyo, lakini meja alikuwa mbali. Aliyekuwa mbele yangu ni huyu mwingine, amekaa kitako kwenye benchi la saruji, mgongo umenyooka, amekwisha kosa mara moja kwa kusaini bila kuhesabu na sasa anakosa mara ya pili kwa adabu ile ile. Nilimwambia maneno ambayo mke hapaswi kumwambia mume aliyefungwa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama watoto wanalala mapema.

Siku ya ishirini nilikwenda ofisini kwa meja. Niliketi kwenye benchi la nje tangu asubuhi hadi jua likanifikia miguuni. Mlango ulipofunguliwa niliona meza yake, na kwenye meza trei tatu za waya, na kwenye trei ya katikati karatasi yenye mstari mweusi ukingoni. Juu yake pamewekwa kikombe cha chai. Notisi ya mume wangu ilikuwa imefanywa kisahani.

"Afande, ile notisi," nikasema.

"Mama, jeshi lina taratibu zake," akasema bila kuinua kichwa. "Itakwenda."

Nikarudi dukani nikachapa nyingine, nikakimbia nayo mahabusu. Rula akakataa kuisaini. Alisema ya kwanza iko kwa mkuu, na kupeleka ya pili ni sawa na kumshtaki. Nikamwambia ndiyo, mshtaki! Mlinzi akaniomba nipunguze sauti. Nikamjibu kwamba nyumba nzima ikiungua hakuna anayepunguza sauti.

Notisi iliingia masjala siku ya thelathini na nne. Imeambatanishwa na barua ya meja, safi, yenye muhuri na tarehe, inayosema kwamba ameipokea kutoka kwa mfungwa siku moja kabla na ameiwasilisha bila kuchelewa. Duara la chai lilikuwa bado linaonekana kwenye karatasi.

Lilikuwa limebaki jambo moja tu, kuiomba mahakama ya rufaa iongeze muda. Mimi nilikula kiapo nikaeleza nilichokiona kwenye trei. Upande wa mashtaka ukajibu kwamba mke wa mfungwa anaweza kuona chochote anachotaka kukiona. Rula naye akakataa kusaini hati ya kiapo iliyomtaja meja. "Basi, shemeji, imebaki akiulizwa ajibu tu," luteni akaniambia tukiwa kwenye korido. "Kanali huyu ni mtu wa haki. Atamuuliza mwenyewe. Aseme sentensi moja tu, kwamba alimpa meja siku ya sita. Hiyo inatosha kufungua mlango."

Maafisa watatu walikaa mbele, kanali katikati na miwani yake. Meja alikaa benchi la kwanza, kofia mapajani. Mume wangu alisimama kizimbani, kola imenyooka.

"Sajenti, notisi yako ilichelewa siku nne," kanali akasema. "Kwa nini?"

"Sina udhuru, afande."

Huko kwao, kuruta wa wiki ya kwanza hufundishwa jibu hilo kabla hajafundishwa kushika bunduki. Daraja likibomoka, sina udhuru. Ukiugua, sina udhuru. Mkubwa wako akikudanganya saa, sina udhuru. Wanalikariri wakikimbia na mifuko ya mchanga mgongoni. Luteni akafumba macho.

Kanali akavua miwani. "Nakuuliza tena, na usiharakishe. Uliikabidhi kwa nani, na siku gani?"

Niliona taya la mume wangu likicheza. Mdomo ukafunguka. Nikasema moyoni, sema, mwanamume wewe, sema, una watoto wawili. Akamgeukia meja, na usoni pake hapakuwa na lawama. Alikuwa kama anamwomba ruhusa. Meja alikuwa anafuta vumbi kwenye kofia.

"Niliikabidhi kwa utaratibu, afande."

"Siku gani, sajenti?"

"Sina udhuru, afande."

"Siku ya sita!" Nilikuwa nimesimama bila kujua. "Siku ya sita alimpa huyo hapo! Akaiwekea kikombe cha chai! Muulizeni yeye!"

Askari wawili wakanibeba hadi koridoni. Mlango ulipokuwa ukifungwa nilimsikia kanali, taratibu, akisema maombi yametupwa. Hukumu inabaki ilivyo.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mume wangu alisikia la mkuu. Amelisikia miaka kumi na tisa, na guu limevunjika, na la wanetu pia. Mwaka wa nne ukiisha atatoka hana kazi wala kiinua mgongo, na aliyechukua darubini sita anasubiri ukanali. Sitaki kuambiwa nishukuru Mungu. Sitaki kuambiwa nivumilie. Wote walioniambia hivyo wamelala usingizi mzuri.

Walimtoa kwa mlango wa nyuma, kwenye lori la wafungwa. Nilikuwa nimekwisha fika pale, nimeshika mfuko wenye sweta lake. Wakati huo huo meja akatoka, anaelekea kwenye gari lake. Mikono ya mume wangu ilikuwa na pingu, kwa hiyo hakuweza kuiinua apige saluti. Akabana visigino, akanyoosha mgongo, akainua kidevu.

Nikamwita. Nikamwita tena kwa jina analoitwa nyumbani na mama yake. Hakugeuza kichwa mpaka meja alipokwisha pita.