Bubu wa Chumbani Kwetu

Mimi ni fundi cherehani, na nimeolewa na mwanamume wa wadudu, mwalimu wa chuo anayewachunguza. Tangu paa la chuo chake lianze kuvuja, mizigo yake yote imehamia nyumbani: hadubini iko kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, droo za nyenje waliokaushwa ziko chini ya kitanda, na kando ya mto wangu kuna kizimba cha wavu chenye nyenje wa msituni, mzima, wa kijani, masharubu marefu kuliko mwili.

Huyo ndiye aliyeninyima usingizi. Mume wangu alimkamata mwenyewe, akasema aina yake haijapata kuonekana popote, na tangu siku hiyo ni kuandika tu. Amekonda kwa kuandika. Kustaafu kumekaribia, na anataka aondoke akiwa ameacha kitu. Basi nikavumilia. Nikawa nalala na pamba masikioni na kushinda nikisinzia kwenye cherehani, hadi nikamshonea mteja gauni lenye mikono miwili ya kushoto.

Wiki iliyopita, tukinywa chai ya asubuhi chumbani, uvumilivu ukaniishia.

"Mzee, mtoe nje huyo mdudu wako. Nimechoka mie. Usiku kucha ni kelele."

"Kelele gani? Huyu ni bubu. Ndiyo maana nimempa jina hilo."

Nikadhani ananitania. Akanieleza polepole, kwa ile sauti yake ya darasani: dume la nyenje hulia kwa kusugua mbawa, na bawa moja lina meno kama ya msumeno. Huyu meno anayo, ila halii kamwe. Ajabu hiyo ndiyo aliyoijengea maandishi yake yote, hadi jina. Kinasa sauti cha chuo kilikufa siku nyingi, naye hakuona haja ya kuazima kingine, maana masikio anayo.

"Analia hata sasa," nikamwambia.

Akainama mpaka pua ikagusa wavu. Mbawa zilikuwa zinatetemeka, naziona mimi, anaziona yeye. Uso ukamshuka.

Hapo yakanijia mengi kwa mpigo. Birika linapiga mluzi jikoni, yeye kakaa tu. Simu inalia karibu naye, hageuki. Miaka yote hiyo nimemnunia nikidhani ni dharau, kumbe sauti nyembamba hazimfikii tena masikioni. Niliona aibu, na nilimwonea huruma mno.

Akalikata lile jina kwenye maandishi yake. Kisha akaniketisha, kalamu mkononi.

"Niambie, mama watoto. Analiaje?"

Nikamweleza kwa lugha ninayoijua. Kama cherehani isiyotiwa mafuta, ukiikanyaga haraka haraka, anapumzika kidogo, halafu mishono miwili mifupi, basi. Akaandika yote, hakunisahihisha hata neno. Nikajua yameisha.

Kumbe bado. Akapiga magoti, akavuta droo moja chini ya kitanda, akawatoa nyenje wa miaka ya karibuni, kila mmoja na pini yake, akawapanga juu ya shuka. Hao nao aliwaandika yeye, na wote aliwaita bubu.

"Na hawa?" akaniuliza.

Nikainama kuwasikiliza, sijui kwa nini. Walikuwa wamekauka. Yule wa kizimbani alikuwa bado analia, nikamwambia hivyo, maana sikuwa na kingine cha kumpa.